Bakuli la Mfuniko Mwekundu

Tarehe 3 Machi

Kitinda wa mama,

Umefika? Dereva wa basi aliniapia kwamba atakushusha mlangoni kwako, lakini madereva huapa kama wanavyopumua. Niandikie. Usihangaike kupiga simu, maana simu yangu imejizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na fundi ameitazama akatikisa kichwa kama daktari. Labda ni afadhali. Kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza anachotaka kusema.

Nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike mama nawe ukaondoka. Nimeona nisikae kuangalia kuta. Napika chakula cha mchana na kuuza. Wateja ninao tayari: fundi viatu wa kwenye kona, wasusi wawili wa saluni ya mbele, na yule mwalimu mjane ambaye kila siku husema hana njaa kisha anakwangua hadi ukoko. Nawapelekea kazini kwao, na vyombo vyangu ni yale mabakuli manne ya plastiki ya mama. Unayakumbuka. Lenye mfuniko mweupe lilikuwa la marehemu baba, la buluu la mama mwenyewe, la kijani langu, jekundu lako.

Matatu yametakata kwa sabuni ya kawaida. Lako lina doa la manjano lililopanda mpaka karibu na ukingo, na halitoki. Unajua lilikotoka. Miaka yote uliyokaa huko, mama akipakua chakula cha mchana, wa kwanza kupakuliwa ulikuwa wewe uliye mbali. Anajaza, anafunika, anaweka kwenye rafu ya dirishani. Jioni tukiosha vyombo, bakuli li tupu. Nikimuuliza nani amekula, anajibu, "Mwenyewe." Nilijiambia ni paka, au ni yeye anakula kwa siri kama wazee wanavyokula sukari. La kwangu halina hata chembe ya doa. Mtu wa nyumbani hatengewi chakula. Hujipakulia, kikibaki.

Sasa msusi mmoja amenirudishia bakuli hilo akisema halijaoshwa. Kuambiwa hivyo mimi, niliyekuwa nakusugua wewe masikio. Mashuka ya hoteli nzima yanapita mikononi mwako, wewe ndiye bingwa wa madoa kwenye ukoo huu. Nipe dawa.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Nimefika salama, ingawa dereva wako alinishusha sokoni akasema mlango wangu uko "hapo tu." Hapo tu pake palinivunja miguu.

Habari ya simu na ndoo ungenyamaza nayo. Heshima ya mtu mzima hulindwa.

Nisikilize sasa. Plastiki ina vinyweleo kama ngozi. Ukiitia kitu cha moto, hufunguka, manjano na nyanya vinapanda mgongoni mwa mafuta na kuingia ndani, kisha mlango unafungwa. Kwa hiyo kwanza acha tabia ya mama ya kumimina mchuzi ukiwa bado unatokota. Uache upoe. Kisha chana tishu vipande vipande, tia ndani ya bakuli pamoja na maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, funika vizuri, utikise mpaka mkono ukuume. Sabuni inalegeza mafuta, tishu inasugua. Doa likibaki, koroga magadi soda na maji machache yawe kama uji mzito, paka ndani kote, liache kutwa, ndipo usugue na kusuuza. Madoa mengi hukoma hapo.

Mimi niko kulekule, mashuka yaleyale. Jambo moja tu. Tangu nianze kazi huku sijawahi kujua njaa. Chakula cha kantini yetu wenzangu hukilaani, mimi nilikuwa nagusa tu na nashiba, hata mwaka ule wa kwanza nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Mpiga Pasi, mwenzangu wa chumbani, alikuwa akisema nimeolewa na upepo. Lakini tangu nirudi kutoka msibani, ikifika saa ya mchana tumbo linaunguruma mpaka watu wanageuka. Nadhani ni majonzi.

Na usizidishe chumvi, utafukuza wateja. Chumvi wewe unaitia kama mtu anayekausha samaki.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 17 Machi

Kitinda,

Afadhali chumvi yangu. Mchuzi wako wewe ni maji ya kunawia uso.

Ile ya tishu ilinichekesha, nikatikisa bakuli jikoni peke yangu kama niko harusini. Doa likapungua. Jumatatu nikalipaka magadi kutwa nzima, na jioni nilipolisuuza lilikuwa jeupe pe. Nililiinua kwenye mwanga nikacheka mwenyewe. Jumanne nikalijaza wali na mchuzi wa viazi, nikafunika kwa mikono yangu miwili, nikampelekea fundi viatu. Lilikuwa zito. Nikarudi zangu.

Baada ya muda mfupi huyo anakuja na nyundo bado mkononi. Anasema nimempelekea bakuli tupu. Nikalitazama. Lilikuwa tupu kweli, lakini utupu wa kuliwa, mafuta ukingoni na doa limerudi palepale lilipokuwa. Nikamwambia mwizi wa chakula hana haya hata mdomo ukiwa unang'aa. Mdomo wake haukuwa unang'aa, nakiri, lakini nilikuwa nimeshaanza kusema.

Nikuambie ukweli. Doa hili linaniudhi kuliko doa linavyostahili. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama kitandani. Mimi nilimlisha kwa kijiko. Siku ya mwisho aliposhindwa kusema, alinyoosha kidole kwenye rafu. Nikamletea maji, akakataa. Nikamletea dawa, akakataa. Alikuwa anataka bakuli lako. Nikalijaza, nikalifunika, nikaliweka dirishani, ndipo akatulia. Hakunitazama mimi hata wakati huo. Alikuwa anatazama mfuniko mwekundu.

Nataka litoke. Nipe kitu chenye nguvu zaidi.

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Habari ya mama kunyoosha kidole sikuijua. Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Kama siku ingeweza kurudishwa, ile ningekurudishia wewe, yote, bila kubakiza.

Kuhusu fundi viatu, amekula huyo. Chakula hakina miguu. Lakini ngoja nikuchekeshe. Jumanne hiyohiyo mchana nilikuwa nakunja mashuka, njaa inanisokota, mara nikashiba. Nikashiba kabisa, mpaka nikaketi juu ya kapu la nguo. Nikabeua, na mbweu ilikuwa ya viazi na chumvi nyingi. Nikamwambia Mpiga Pasi, hii ni chumvi ya dada yangu. Tulicheka sana. Siku iliyotangulia haikuwa ya kucheka. Kutwa ulimi wangu ulikuwa mkavu na mchungu kana kwamba nimelamba majivu, na maji hayakusaidia.

Sasa dawa. Kata ndimu, usugue doa kwa nyama yake, kisha mimina siki iliyochanganywa na maji, uache kwa muda. Usisuuze sana. Lianike juani likiwa limefunguka kuelekea juu, kutwa, siku kadhaa mfululizo. Jua hula manjano kuliko sabuni yoyote. Mimi nimeona vitambaa vya meza vilivyoshindikana na mashine vikirudi vyeupe kwa jua tupu.

Likikataa hilo, litupe ununue jingine. Ni plastiki tu, dada.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Kitinda,

Kulitupa siwezi, ni la mama. Na hata ningeweza, sitaki. Nataka kulishinda.

Nimesugua ndimu, nimemwaga siki mpaka macho yakanitoka machozi. Nikalianika uani juu ya ndoo niliyoipindua, siku baada ya siku, jua la kuchoma kisogo. Doa limepauka. Lakini plastiki ikianikwa hupata moto kisha hupoa, au sivyo? Jioni vyombo vyote nilivyoanika vilikuwa vimepoa. Hilo moja lilikuwa bado na joto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Nililishika kwa viganja viwili na nikajikuta nalipuliza.

Kisha nikawapelekea wasusi chakula. Mara hii sikuondoka. Nilipakua mwenyewe, nikafunika mwenyewe, nikavuka barabara nimelikumbatia kifuani, nikamwambia msusi afungue nikiwa hapohapo. Tupu. Mafuta yalikuwa bado yanateleza pembeni.  Msusi aliweka mfuniko mezani polepole, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Tangu siku hiyo hawaagizi tena kwangu. Fundi viatu nimemwomba radhi. Radhi amepokea, chakula amekataa. Nimebaki na mwalimu mjane, ambaye amenitazama akasema siku hizi nguo zinanivaa mimi badala ya mimi kuzivaa. Nikamwambia mpishi hushiba harufu.

Na kuna hili. Nilipolitazama doa kwenye mwanga niliona halikukaa ovyoovyo. Ni michirizi, kama ya mtu aliyefuta bakuli kwa vidole, vile ulivyokuwa unafuta wewe na baba anakugombeza. Vidole vinne. Kile cha jirani na kidole gumba ni kifupi, kinaishia katikati. Nikadhani ni mtoto, lakini mtoto vidole vyake vyote ni vidogo, na hakuna mtoto anayeingia jikoni kwangu. Wewe unamjua mtu mwenye kidole cha namna hiyo?

Nipe dawa kali ya mwisho. Ile mnayoitumia huko wageni wakishaharibu kabisa.

Dada yako


Tarehe 10 Aprili

Dada,

Nisamehe mwandiko, kalamu inaniteleza. Nimeungua na jua. Ukimwambia mtu anacheka, kwa sababu mimi nafanya kazi chumba cha chini kisicho na hata dirisha. Lakini ngozi ya uso na mikono imebabuka inatoka magamba, na midomo imepasuka kama niliyeshinda nanyonya ndimu. Daktari wa hoteli amenipima, hakuona kitu. Msimamizi amenipumzisha wiki hii. Akiniona hivi wiki ijayo atatafuta mwingine, amenitamkia hivyo.

Na njaa, dada. Nakula sahani yangu na ya Mpiga Pasi, na bado. Kwa siku mbili tatu, hapa na pale, nilishiba ghafla kama ile Jumanne. Siku nyingine zote chakula kinapita kama maji kwenye kikapu.

Kuhusu kidole kifupi, simjui mtu wa hivyo. Usilitazame sana hilo doa. Ukikodolea doa utaona hata uso wa mwenye nyumba wako.

Dawa ya mwisho ni ile ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Kwanza lisuuze lisibaki na tone la siki, maana siki na dawa hiyo vikikutana vinatoa hewa ya kuua mtu. Fungua madirisha, vaa glavu. Kifuniko kimoja cha chupa kwenye ndoo ndogo ya maji. Lizamishe. Sijawahi kushindwa na doa, dada, si damu, si wino, si rangi ya kucha, na sitaanza kushindwa na mchuzi wa mama yangu. Doa si kitu. Ni mafuta yanayokumbuka. Loweka mpaka plastiki isahau.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 16 Aprili

Kitinda,

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sina nyingine ila yako.

Nimenunua dawa. Nimetia vifuniko vitatu badala ya kimoja, maana nakujua, wewe hupima kila kitu kwa woga, kuanzia chumvi. Nimelizamisha leo asubuhi na kulikandamiza kwa jiwe la kusagia lisielee. Lilipofika chini lilitoa mapovu, mengi, kwa muda mrefu. Bakuli lililo wazi, lisilo na kitu ndani, linatoa mapovu ya nini?

Sitalitoa mpaka liwe jeupe, hata likikaa humo mwezi.

Pole na ngozi. Paka mafuta ya nazi. Na ule.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Kwako dada wa rafiki yangu,

Hunijui. Mimi ndiye Mpiga Pasi, nakaa chumba kimoja na mdogo wako. Ningekupigia simu kama ungekuwa nayo. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimemwambia asiitie kwenye begi, akupe wewe na si mtu mwingine, na asubiri jibu.

Mdogo wako ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe hauna jina. Anapauka. Sijui neno jingine. Juzi asubuhi aliamka akisema hawezi kuvuta pumzi, kifua kimebanwa na kitu kizito kama jiwe, akawa anatoa povu mdomoni. Povu likakoma, lakini tangu hapo rangi inamtoka. Kucha zimekuwa nyeupe. Nywele zimeanza kuwa nyeupe kwenye shina na weupe unapanda. Jana nilimwona amesimama mbele ya ukuta na ilinibidi nitazame mara mbili. Mwili wake unanuka dawa ya kung'arishia nguo, ile kali, na siku zote hizi hatujamruhusu hata kushuka chumba cha mashine. Nimemwogesha. Harufu haitoki, ni kama inatoka ndani.

Akilala anasema, "Mwambieni dada maji yanawasha." Akiamka hakumbuki.

Na kila mchana, dada, saa ya chakula, huketi kitandani akiwa amefumba macho. Anainamisha kichwa, ananyoosha mkono mbele kama mtu anayechota kwenye chombo, anafuta pembeni kwa vidole vyake vinne, anavipeleka mdomoni. Wamesema mkono mtupu haulambwi. Yeye anaulamba, na analia. Kile kidole chake kilichokatwa na mashine ya kunyooshea mashuka mwaka juzi, kile cha jirani na gumba, ndicho pekee ambacho bado kina rangi. Huenda hukuwa unajua habari za kidole. Alinikataza kuwaambia, hakutaka mama yenu apate presha. Lakini sasa si wakati wa kuficha kitu.

Kama kuna dawa ya kwenu, au chakula anachokipenda, au maneno, yalete. Au uje mwenyewe, na uje upesi.

Mimi,
Mpiga Pasi


Tarehe 20 Aprili

Kitinda, mdogo wangu,

Dereva yuko mlangoni anakunywa chai, nakuandikia mbio. Mpe Mpiga Pasi akusomee kama macho hayaoni.

Barua yake ilinikuta uani. Nilisoma nimesimama pembeni ya ndoo. Nilipofika kwenye kidole sikumaliza mstari. Nilitia mikono yote miwili ndani bila glavu, nikaling'oa jiwe, nikalitoa bakuli. Mikono inaniwasha mpaka sasa, na iniwashe. Bakuli lilikuwa jeupe kama mfupa. Michirizi yote ilikuwa imekwenda. Ulikuwa umebaki mchirizi mmoja, ule mfupi, nao umefifia kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Kama dereva angepata pancha njiani, Kitinda, ningekuwa nimekumaliza kwa mikono yangu, tena kwa maelekezo yako mwenyewe.

Nililisuuza kwa maji safi mpaka tangi likaanza kulalamika. Nikalifuta kwa upande laini wa kanga ya mama. Nikawasha jiko. Vitunguu, nyanya, viazi, manjano ya kutosha, mafuta zaidi ya kutosha. Mwalimu mjane alikuja kufuata chakula chake nikamwambia angoje, kuna mtu anapakuliwa kwanza. Nikamimina mchuzi ukiwa unatokota, kama ulivyonikataza. Niliiona ile plastiki ikibadilika rangi machoni pangu. Nikafunika. Nikaweka kwenye rafu ya dirishani.

Kisha nikageuka nikakipa chakula kisogo, kwa sababu nilikumbuka kwamba mama kila mara alikuwa akigeuka. Nilidhani ni adabu tu ya kizee. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, naye akainamisha macho bila kuambiwa. Jua lilikuwa kali, barabarani watu wanapita na mambo yao. Tukasikia mfuniko ukifunguka nyuma yangu. Tukasikia mtu anakula. Alikuwa anakula kwa pupa, kama mtu aliyefungiwa ndani. Sikugeuka. Nikasema tu, taratibu, usije ukapaliwa. Mwisho mfuniko ukabonyea, tak, kama unavyobonyea mtu akifunika vizuri.

Bakuli lilikuwa tupu. Doa limerudi, la manjano, na vidole vinne, na kifupi kimo. Nimelia hapo mpaka mwalimu akanishika bega.

Msibani ulikuwa umejifunga leso mkononi ukasema pasi imekuunguza. Uliona haya kutuambia. Lakini mama alikijua hicho kidole. Alikuwa akiosha bakuli hilo kila jioni.

Nilikuwa nakuonea wivu, nilikuwa nasugua wivu wangu. Kesho nitapika tena. Keshokutwa nitapika tena. Wewe kula tu.

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Naandika mwenyewe, nimeketi kitini. Kucha zimerudi kuwa na rangi. Nywele za utosini zimebaki na shungi jeupe, na Mpiga Pasi anasema ninafanana na ndege fulani ambaye jina lake halijui. Msimamizi amenirudisha kazini. Ananitazama kwa mbali, lakini amenirudisha.

Siku ile nililala bila fahamu, wananiambia. Mimi nakumbuka mlango tu, na harufu ya vitunguu, na mgongo wa mtu. Nilidhani ni wa mama. Kisha nikaonja chumvi, nikajua ni wewe. Sijawahi kuipenda chumvi kama siku hiyo.

Nisamehe habari ya kidole. Niliogopa mtaniambia nirudi.

Sasa kuna kitu kinanizuia usingizi. Katika barua yako ya kwanza ulisema mabakuli matatu yalitakata kwa sabuni ya kawaida. La baba, naelewa. La mama, naelewa. Wote wawili hawamo tena katika watu wa kula. Lakini la tatu ni lako, dada. Lako lilitakata mara moja, kama la maiti. Na mwalimu mjane anasema nguo zinakuvaa. Wewe unapika, unamtengea aliye mbali, unampakulia aliye karibu, unaosha sufuria. Wewe nani anakutengea?

Nimekwenda sokoni nikanunua bakuli la plastiki. Lenye mfuniko wa kijani halikuwepo, nikachukua la mfuniko wa kahawia nikaufunga utepe wa kijani. Tuna jiko dogo chumbani, na Mpiga Pasi amekubali nipike mimi, ingawa ananilaumu kwa mchuzi mwepesi. Kuanzia Jumatatu, mchana, kabla sijala mimi, nitaweka dirishani. Huenda nafanya ujinga. Tukishaweka tunageuka sote wawili tunatazama ukuta.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 7 Mei

Kitinda,

Wasusi wamerudi. Wananunua kwa sharti moja, kwamba bakuli la mfuniko mwekundu lisitoke jikoni kwangu. Nimewaambia halitoki. Fundi viatu bado anafikiria.

Jumatatu wateja walikuwa wengi, na ulipofika mchana chakula kilikuwa kimekwisha. Nilikutengea wewe, nikawapa wao, nikabaki na sufuria. Nikakaa kwenye kigoda nikiwa sina hata nguvu ya kukwangua. Nilikaa hivyo kidogo nikitazama mbele. Sikusikia kitu, sikuona mtu. Lakini njaa iliondoka. Iliondoka kuanzia chini, taratibu, kama mtu anayevuliwa viatu. Nikabeua. Nilipoinama kuosha sufuria nikaona vidole vyangu vina manjano mpaka kwenye kucha, na mimi siku hiyo nilikuwa nimetumia mwiko.

Nikainuka nikaenda kwenye rafu. Bakuli langu la kijani lilikuwa pale nilipoliacha, limefunikwa, hakuna aliyeligusa tangu asubuhi. Nikalifungua. Ndani, chini kabisa, kuna doa dogo, bado bichi.

Sitalisugua. Nimeliacha kama lilivyo, na kila nikipita nalifungua nalitazama, mtu mzima na akili zangu.

Ila chumvi, mdogo wangu. Kesho ongeza chumvi kidogo.

Dada yako